Fundi Asiyekula Kwetu

Ijumaa ile sikukaa kitini hata mara moja. Tangu asubuhi nilikuwa natoka jikoni naingia sebuleni, natoka sebuleni narudi jikoni, na kila nikipita naitazama ile mashine juu ya kabati, mlango wake wazi, ndani kunanuka moshi. Ni micro-ondes, mashine ya kupashia chakula ambayo Stanislas alituletea kutoka Lubumbashi, akamkabidhi mama yangu kwa mikono miwili mbele ya majirani. Na kesho yake asubuhi Stanislas alikuwa anakuja kwetu na baba yake mdogo na shangazi zake wawili. Kuja kujitambulisha, ndivyo wanavyosema. Kuja kuniposa, tuseme wazi.

Na mashine yao imekufa.

"Tshibola, weye unatembeatembea tu mu nyumba," Mama akasema. "Utafute fundi. Bale bantu habawezi kuya kukuta zawadi yabo imekufa. Batasema hatujue kuchunga kitu."

"Ilikufa namna gani, Mama?"

"Ni courant. Ilirudi na nguvu."

Alisema hivyo, eti umeme, amenipa mgongo, anachambua sombe, majani ya muhogo. Mama Henriette, mama yangu mzazi, akisema uongo hakugeukii.

Stanislas simpendi. Naomba niseme mapema ili usije ukanishangaa mbele ya safari. Si mtu mbaya. Ni karani katika kampuni moja ya madini, shati lake safi, hanywi, kanisani anaketi viti vya mbele. Mama anampenda kwa sababu moja kubwa kuliko zote hizo: siku ya kwanza alipokuja, alikula. Alikula bukari, ugali wetu, akaomba nyingine, akaomba na mchuzi.

Huenda unacheka. Usicheke. Baba yangu alipofariki, miaka sita iliyopita, ndugu zake walikaa matanga yote katika uwanja wetu bila kugusa chakula cha Mama. Walileta unga wao, wakapika nje kwenye mafiga yao, na walisema kwa sauti, ili tusikie, kwamba ni yeye aliyemla mume wake. Tangu hapo, mtu akikataa sahani ya mama yangu, kwake ni sawa na kumwita mchawi. Huwezi kumweleza kitu kingine, hatasikia.

Na mwanamume niliyempenda mimi aliikataa.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka jana. Nilimleta nyumbani Gracien Kabamba, nikasema ni rafiki yangu wa kanisani, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi. Mama alichinja kuku. Gracien alinawa mikono, akakaa, akaitazama sahani, kisha akasema ameshiba. Alikunywa maji tu. Alipotoka, Mama aliibeba ile sahani kama ilivyo akaenda kummwagia mbwa wa jirani, na usiku akaniambia maneno matano: "Ule asikuye tena hapa kwetu." Nikampigia Gracien simu, nikamwuliza kwa nini, nikamtukana, nikakata kabla hajafungua mdomo, nikamfungia namba. Tangu Pasaka hiyo nilikuwa nimebadilisha hata njia ya kwenda sokoni ili nisikutane naye.

Basi nikafunga mashine kwa kitenge, nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, nayo magotini, nikaanza kutafuta fundi. Fundi yeyote, isipokuwa mmoja.

Nilianzia kwa Kabeya, anayetengeneza televisheni kule Manika. Alifungua kitenge, akaona, akakifunga tena upesi.

"Hapana, mademoiselle. Hii mi sigusake."

"Juu ya nini?"

"Iko na kitu ndani inachungaka courant, hata ukichomoa waya, hata ikikaa siku mbili. Mwaka jana moja ilinitupa pale kwa ukuta. Bibi yangu alinikataza."

"Sasa mu Kolwezi yote nani anatengeneza?"

"Gracien. Njia ya Musonoi, ile container ya bluu."

"Mwingine?"

"Mwingine nani? Gracien."

Nikaenda kwa anayetengeneza friji karibu na soko. Aliuliza kwanza kama naolewa au namfanyia kazi mtu, kisha akasema Gracien. Nikaenda kwa vijana wa simu. Mmoja akanielekeza kwa Gracien hata sijamaliza kufungua fundo la kitenge. Nilitamani kumpiga. Jua limenichoma, vumbi la malori limenijaa machoni, magoti yanauma kwa uzito wa chuma, na mji mzima umekubaliana kunitajia jina moja. Nilirudi kwenye pikipiki, nikashuka, nikapanda tena. Dereva akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia twende Musonoi, na aendeshe haraka kabla sijabadili mawazo.

Alikuwa ameinama juu ya feni iliyofunguliwa. Aliposikia pikipiki ikizimwa akainua kichwa. Nilijiandaa njia nzima kumtazama kwa dharau, lakini nikaishia kutazama viatu vyangu. Amekonda kidogo. Ameacha ndevu fupi. Mikono ni ileile.

"Jambo, Tshibola."

"Jambo. Nimeleta kazi."

"Mama yuko muzima?"

"Yuko muzima. Unatengeneza ao hautengeneze?"

Alinipokea mashine, akaiweka mezani, akafungua skrubu zake moja moja. Kisha akachukua tournevis, bisibisi yenye mpini mnene wa plastiki, akaninyooshea mkono wa kushoto bila kunigusa.

"Usimame mbali."

"Niko mbali."

"Mbali tena."

Akagusisha ncha ya chuma ndani. Kukatoka mlio mkali na cheche ya buluu, na mimi, niliyekuja na dharau yangu yote, nikajikuta nimemshika mkono juu ya kiwiko kwa vidole kumi. Nikaachia kwa kuchelewa, na sote wawili tulijua nimechelewa.

"Sasa imekufa kabisa," akasema. "Haiwezi kukufanya kitu."

Akachungulia ndani kwa taa ndogo. Akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheusi. Nikaona mdomo wake unajizuia.

"Nani aliweka sahani ya aluminium umu ndani?"

"Mama anasema ni courant. Ilirudi na nguvu."

Gracien akacheka. Kicheko kile kilinipita mwilini, nikakumbuka jinsi nilivyokipenda, na nikakasirika nacho.

"Bon. Basi ni courant."

Alibadilisha fyuzi, akabadilisha kidude kingine kidogo nisichokijua jina, akakata karatasi ngumu ya kuziba pale palipoungua. Nilizunguka katika ile container, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi. Hakuniambia nikae. Ananijua.

"Ulinunua wapi?" akauliza.

"Hatukununua. Ni ya Stanislas. Alimuletea Mama."

"Stanislas ni nani?"

"Kesho asubuhi anakuya na bakubwa yake."

Tournevis ikasimama. Nikahesabu pumzi zangu. Nilitaka aitupe ile mashine nje barabarani, lori liipite juu. Nilitaka agombane, aseme hapana, aseme neno moja tu la kunizuia. Tournevis ikaanza kuzunguka tena, polepole.

"Itakuwa tayari mbele bafike," akasema.

"Ni hiyo tu unasema?"

"Unataka niseme nini?"

"Useme juu ya nini haukukula kwetu."

Aliweka kifaa chake chini. Sasa alinitazama kweli, na macho yake yalikuwa na uchovu ambao sikuwahi kuuona. "Uliniuliza kwa telefone siku ile. Ukakata mbele nijibu. Nilipiga mara kumi na ine. Nilikuya mpaka kwa pharmacie kule unauzishaka dawa, ukatokea mulango ya nyuma."

"Sasa nakuuliza tena."

"Sasa umekuya na mashine ya bwana yako."

"Haiko bwana yangu."

"Mpaka kesho asubuhi," akasema, akachukua kifaa chake, akaendelea na kazi.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya container, kidogo tu, nikajifuta kwa pembe ya kitenge. Niliporudi alikuwa amefunga skrubu zote na amevaa shati juu ya fulana.

"Hapa courant haiko tangu jana," akasema. "Kitu yenye sikujaribu siwezi kukurudishia. Twende kwenu."

"Kwetu? Mama hataki kukuona."

"Kwenu courant iko?"

"Iko."

"Basi twende."

Tulipanda pikipiki moja, mimi katikati, yeye nyuma, na kati yetu ile mashine ameikumbatia. Kona yake ilinichoma mgongoni njia yote. Kila shimo pikipiki ilipoingia nilisikia pumzi yake shingoni, kisha chuma kinarudi kutuachanisha. Sikuwahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia micro-ondes ile.

Mama alikuwa mlangoni. Alimwona, uso ukafungwa.

"Fundi ni huyu?"

"Mu mujini yote ni yeye peke yake anajua, Mama. Uulize Kabeya."

Gracien alisimama hatua tano kutoka mlangoni, macho chini. "Jambo, Mama." Hakutoa mkono, hakuinua uso.

"Hata kuniangalia haniangalie," Mama akaniambia mimi, kwa sauti ambayo yeye angeisikia. "Aingie amalize kazi yake."

Akaingia, akaweka mashine juu ya kabati, akachomeka. Taa ya ndani ikawaka. Mama alisimama nyuma yake mikono kiunoni, akimtazama vidole asije akaiba hata skrubu.

"Bon, fundi. Ni nini iliharibisha hii mashine?"

Nikashika meza. Gracien alijua. Nami nilijua kwamba anajua. Mama yangu, kwa jinsi shingo yake ilivyokuwa imekakamaa, aliogopa kwamba anajua.

"Ni courant, Mama," Gracien akasema, bado anaitazama mashine. "Ilirudi na nguvu."

Mama akapumua. "Njo vile nilisema."

"Kesho bageni bakikuya, Mama, mubaambie basiweke bintu ya aluminium ndani. Bageni habajuake."

"Nitabaambia," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Alimtazama kisogoni kwa muda mrefu, namna ambayo hakuwahi kumtazama. Kisha akaondoka kwenda jikoni, akarudi na sahani ya udongo, bukari na sombe na kipande cha samaki, vyote vya mchana, vimepoa. Akaviingiza mwenyewe, akabonyeza pale alipoonyeshwa.

Tulisimama watatu tukaitazama sahani ikizunguka. Dakika mbili. Nilihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Kengele ikalia. Mama akatoa sahani, mvuke unapanda, akaipeleka mezani, akavuta kiti.

"Kula," akamwambia Gracien. "Umefanya kazi tangu saa nane. Ukae, ukule."

Nilijua alichokuwa anafanya. Alikuwa anampa nafasi ya pili, mama yangu ambaye hajawahi kumpa mtu nafasi ya pili. Nikamsihi Gracien kwa macho. Kaa. Meza tonge moja tu, Gracien, hata kama ni la kulazimisha, utuokoe.

Hakukaa.

"Aksanti, Mama. Siwezi."

Mama alibaki ameshika kiti. Mimi nikataka kufa pale pale.

"Mara ya pili," Mama akasema polepole. "Mu nyumba yangu. Sasa utaniambia, mutoto wa bantu. Utaniambia hapa mbele ya mutoto wangu. Banakuambia nini juu yangu? Nilikula bwana yangu? Chakula yangu iko na sumu?"

"Hapana, Mama."

"Sasa ni nini?"

Gracien akanitazama mimi mara moja, akarudisha macho chini. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Mama, mi ni mutu wa Kabongo. Kwetu, mwanaume akishaamua mu moyo kama anataka kuoa binti ya mama fulani, hawezi tena kukula mbele ya ule mama. Hata hajapeleka kitu. Hata bakubwa yake habajui. Ni heshima ya mama mukwe. Baba yangu alinifundisha, na nkambo, baba yake, alimufundisha yeye. Siku ya Pasaka nilikuwa nimeshaamua."

Mama akaachia kiti.

"Nilitaka kueleza. Lakini Tshibola aliniita rafiki ya kanisa. Ningesema nini? Ningekuitaje mama mukwe, na mujomba wangu hajakanyaga hapa? Ingekuwa kukutukana. Na leo pia nakutukana, juu nasema mwenyewe bila bakubwa. Lakini kesho bengine banakuya, Mama. Nilikosa njia ingine."

"Pasaka ulisema umeshiba," Mama akasema.

"Nilidanganya. Nilikuwa na njaa mingi. Ile kuku ilinuka muzuri sana."

"Ukarudi Musonoi na njaa?"

"Na miguu, Mama."

Sijui nilikuwa nimeshika nini, lakini nilikiachia kikaanguka. Miezi yote ile. Namba niliyoifunga, mlango wa nyuma wa duka la dawa, njia ndefu ya kwenda sokoni. Mtu amekaa na njaa mbele ya kuku kwa sababu ananipenda, na mimi nikamtukana mpaka ukoo wake. Aibu ilinipanda, na chini ya aibu kulikuwa na furaha iliyonitisha.

Mama akanigeukia. "Tshibola."

"Mama."

"Stanislas unamupenda?"

Miaka sita nimekuwa naogopa kumwongezea mama yangu uchungu. Nilijua shangazi za Stanislas wangesema nini mjini. Nilijua Mama alishamwambia kila mtu kanisani. Nikapiga moyo konde.

"Stanislas ni mutu muzuri, Mama. Simupendi. Hata siku moja sikumupenda."

"Na huyu?"

"Huyu namupenda."

Alinitazama, akamtazama Gracien, akatazama sahani iliyokuwa bado inatoa mvuke. Kisha akavuta kitenge chake akajifunika kichwa mpaka karibu na macho, akachukua sahani, akatugeuzia mgongo, akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Pazia la jikoni likarudi mahali pake. Nikasikia kandambili zake zikivuka uwanja.

"Nimeharibu," Gracien akasema. Akaanza kukusanya vifaa vyake, akiangusha kimoja, akikiokota, akiangusha kingine. "Ilitakiwa aseme mujomba. Nimeharibu yote."

"Umenyamaza mwaka muzima, sasa njo unalalamika umesema?" nikamwambia, machozi yananitoka. Nilitaka kumshika na nikaogopa kumshika. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Sikumwona Mama. Nilifikiri ameenda kumwaga kile chakula, kama Pasaka, na baada ya hapo hakuna mtu duniani atakayeweza kumrudisha.

Kandambili zikarudi. Zikasimama nyuma ya pazia la jikoni. Hakuingia.

"Tshibola."

"Mama."

"Umuambie ule mutu afunge hii mashine mu carton yake, muzuri, isikwaruze. Leo mbele ya jua kuingia mi mwenyewe nitairudisha kwa benyewe. Nitaongea na babo, basikuye bure kesho."

Gracien aliganda, waya mkononi.

"Na umuambie bakubwa yake bakuye siku ya mungu, misa ikishaisha."

"Mama, yuko hapa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka na kwa kweli nilikuwa nimekasirika. Sikutaka mafumbo, nilitaka kumwona uso. "Yuko hapa mbele yangu, anasikia yote. Ingia, umuambie weye mwenyewe."

"Na umuambie chakula yake nimepeleka kwa Mama Agnès, hapa ku jirani. Aende akule ingali moto."

"Mama, ingia basi."

Nyuma ya pazia nikasikia anavuta kitenge chake vizuri zaidi.

"Weye mutoto hauna akili," Mama akasema. "Wapi uliona mama anasimama uso kwa uso na mukwe wake?"

Gracien akaweka waya chini, akafuta macho kwa mkono wa shati, akaenda kula.